VPN Kati ya Ofisi Mbili Zenye Subneti Moja

Handaki la VPN huunganisha mitandao miwili kwa sharti moja: ruta za pande zote mbili ziweze kujua anwani ipi iko upande upi. Mitandao hiyo ikiwa na subneti moja, sharti hilo halitimii. Kompyuta iliyoko Koboko, mji wa Uganda, yenye anwani 192.168.1.57 ikiitafuta seva iliyoko Arua yenye anwani 192.168.1.10, haina sababu ya kupeleka chochote kwenye ruta, kwani kwa hesabu zake seva hiyo imo humo humo ofisini. Handaki linaweza kuwa zima, funguo zake zikawa sahihi na taa zote zikawaka kijani, na bado lisipite hata faili moja.

VPN ya namna hii si ile iliyozoeleka zaidi nchini Uganda. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, Facebook ikafungwa. Mara zote mbili watu walikimbilia programu za VPN kwenye simu zao. Programu hizo humpitisha mtumiaji mmoja hadi seva ya ng'ambo, na huko hana kompyuta ya mtu anayotaka kuifikia. VPN ya ofisi kwa ofisi huachwa ikifanya kazi usiku na mchana, na wafanyakazi hawapaswi hata kujua kwamba ipo. Karani wa Koboko hufungua folda ya mahesabu iliyoko Arua kama anavyofungua folda ya mezani kwake. Hapo ndipo anwani zinapoanza kuwa na uzito.

Anwani hizi zimetoka wapi

Anwani za ndani ya ofisi zinatokana na hati iitwayo RFC 1918, iliyotolewa Februari 1996 kuchukua nafasi ya RFC 1597 ya mwaka 1994. Hati hiyo ilitenga mafungu matatu ambayo mtu yeyote anaweza kuyatumia ndani ya mtandao wake bila kuomba kibali: 10.0.0.0/8 lenye anwani milioni 16 na ushei, 172.16.0.0/12 lenye anwani milioni 1 na zaidi kidogo, na 192.168.0.0/16 lenye anwani 65,536. Kwa kuwa kila mtu duniani anayatumia mafungu hayo hayo, waandishi wa hati hiyo waliona mapema kwamba siku taasisi mbili zitakapounganishwa anwani zitagongana. Walishauri kwa mkazo kwamba kila taasisi ichague sehemu yake ndani ya mafungu hayo kwa kubahatisha.

Ushauri huo haukufuatwa na watengenezaji wa ruta. Ruta za TP-Link na D-Link hutoka kiwandani zikiwa na 192.168.0.1 au 192.168.1.1, ruta nyingi za 4G za Huawei zina 192.168.8.1, na MikroTik ina 192.168.88.1. Fungu la 192.168 peke yake lina subneti 256 za ukubwa wa /24, lakini zinazotumika kwa kweli katika ofisi ndogo ni chache mno. Ofisi mbili zikinunua ruta za aina moja katika duka moja la Arua, zina subneti moja tangu siku ya kwanza.

Mazingira ya West Nile yamelizidisha jambo hili. Arua ndio mji mkuu wa shughuli za eneo hilo, na tangu tarehe 1 Julai 2020 una hadhi ya jiji. Koboko iko takriban kilomita 55 kaskazini yake, kwenye barabara ya lami inayotoka Vurra mpakani mwa Kongo hadi Oraba mpakani mwa Sudan Kusini. Wilaya yake ilimegwa kutoka Arua mwaka 2005. Vita vya Sudan Kusini vilipoleta wakimbizi wengi mwaka 2016, kambi ya Bidibidi ikafunguliwa Yumbe mwezi Agosti mwaka huo, na mashirika yakalazimika kufungua ofisi kwa haraka katika miji ya karibu. Ruta ilitolewa kwenye boksi, ikachomekwa, intaneti ikapatikana, kazi ikaendelea. Hakuna aliyekosea. Kila tawi lilikuwa peke yake, na 192.168.1.0/24 ya Koboko haikuwa na habari na 192.168.1.0/24 ya Arua. Tatizo huzaliwa siku uongozi unapoamua kwamba mahesabu, kumbukumbu za wagonjwa au orodha ya wanachama wa SACCO zihifadhiwe kwenye seva moja.

Pakiti inavyopotea bila kutoka ofisini

Kompyuta inapotaka kupeleka pakiti, hufanya hesabu moja kwanza. Huchukua anwani yake na alama ya subneti yake, kwa mfano /24, ambayo maana yake ni kwamba tarakimu za mafungu matatu ya mwanzo ndizo zinazotambulisha mtandao. Kisha hulinganisha na anwani inayotafutwa. Mafungu matatu yakilingana, kompyuta huamini kuwa mwenzake yuko karibu, na badala ya kuipa ruta kazi hiyo hutangaza yenyewe kwenye swichi: nani mwenye 192.168.1.10? Tangazo hilo ni la itifaki ya ARP, ambayo imekuwepo tangu 1982. Halivuki ruta. Linaishia kwenye kebo na Wi-Fi za Koboko.

Kinachofuata hutegemea kama Koboko kuna kifaa chenye namba hiyo. Kama hakipo, tangazo halijibiwi na kompyuta hukata tamaa baada ya sekunde chache. Kama kipo, mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu jibu linakuja, ila ni la printa au la kamera ya ulinzi. Mtu hupima kwa ping, huona majibu manne mazuri, na huondoka akiamini kwamba Arua inapatikana na kwamba tatizo liko kwenye programu ya mahesabu. Siku nzima inaweza kupotea kwa kufuata kosa ambalo halipo.

Ruta nayo ina matatizo yake. Ikiambiwa kwamba 192.168.1.0/24 iko upande wa pili wa handaki huku yenyewe ina subneti hiyo kwenye milango yake, ruta nyingi huipa kipaumbele njia iliyounganishwa moja kwa moja na kuiweka kando ile ya handaki. Hilo ndilo kosa la amani. Kwenye Linux hali inaweza kugeuka: njia yenye metriki ndogo zaidi hushinda, na kama njia ya handaki ndiyo yenye metriki ndogo, ruta huanza kuwatafuta wafanyakazi wa Koboko huko Arua. Ofisi nzima hukatika na ruta yake yenyewe. Vivyo hivyo IPsec, itifaki nyingine ya kujenga handaki, inapowekewa sera inayosema kila kitu kutoka 192.168.1.0/24 kwenda 192.168.1.0/24 kisimbwe: majibu ya ruta kwa kompyuta iliyo hatua mbili kutoka hapo husimbwa na kutumwa Arua. Fundi aliyekuwa akiiongoza ruta hiyo kutoka mbali anaweza kujifungia nje, na dawa yake ikawa safari ya barabarani. Kwa hiyo mpangilio wowote wa handaki unaohusu subneti inayogongana haufai kujaribiwa bila mtu kuwa karibu na ruta, au bila ruta kuwekewa utaratibu wa kurudisha mpangilio wa zamani baada ya dakika kadhaa.

Kutenganisha kosa la anwani na makosa mengine

Mtumiaji huleta malalamiko ya aina moja tu: haifunguki. Nyuma ya neno hilo kuna makosa mengi, na la kwanza la kuondoa mezani ni handaki lenyewe kutokusimama. Mkongo wa taifa unaosimamiwa na NITA-U, wakala wa serikali wa teknolojia ya habari, ulifikishwa katika miji ya West Nile, Arua na Koboko zikiwemo, kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, lakini matawi mengi madogo bado yanategemea laini ya simu ya 4G. Laini hiyo kwa kawaida haina anwani ya hadharani. Mtoa huduma huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na kuwapa za ndani, ama kutoka fungu la 10.0.0.0/8 ama kutoka 100.64.0.0/10, fungu lililotengwa kwa kazi hiyo Aprili 2012. Tawi la namna hiyo haliwezi kupigiwa. Ni lazima lipige lenyewe kwenda Arua, na liendelee kutuma kipande kidogo mara kwa mara ili njia isifungwe. Kwenye WireGuard, mojawapo ya itifaki za VPN, kipindi kinachotumika sana ni sekunde 25. Kama Arua nayo haina anwani ya hadharani, pande zote mbili hukutana kwenye seva ya tatu iliyokodishwa mahali penye anwani hiyo.

Amri ya WireGuard iitwayo wg show huonyesha lini ruta mbili zilipeana mikono mara ya mwisho. Mawasiliano yakiwa yanaendelea, hilo hurudiwa kila baada ya dakika mbili hivi. Ikionekana ni saa kadhaa zimepita ilhali kipande kile cha mara kwa mara kimewashwa, subneti hazijapata hata nafasi ya kugongana, na kazi ianzie kwenye laini, umeme au funguo. Mikono ikiwa imepeanwa hivi karibuni lakini hesabu ya baiti zinazotoka haipandi zaidi ya vipande hivyo vidogo mtu anapojaribu kufungua folda, dalili ni tofauti kabisa. Handaki liko tayari, ila hakuna anayelipelekea kitu. Kwenye IPsec dalili ni hiyo hiyo: pande mbili zimekubaliana, kaunta ziko sifuri.

Hapo ndipo hufaa kuandika kwenye karatasi anwani na alama ya subneti ya pande zote mbili, kwa kuziangalia kwa ipconfig au ip addr kwenye kompyuta yenyewe. Nyaraka za zamani zisiaminiwe. Baadhi ya ruta zikigundua kwamba kisanduku cha mtoa huduma kilichoko upande wa nje kina subneti sawa na yao ya ndani, hubadilisha yao zenyewe bila kuuliza. VPN iliyofanya kazi mwaka mzima inaweza kufa asubuhi moja kwa sababu tu mtoa huduma alileta kisanduku kipya, au kwa sababu umeme ulipokatika mtu alichomeka modemu ya akiba na kuisahau hapo.

Majibu ya ping yakisomwa kwa makini hueleza mengi. Windows ikiandika kwamba mahali hapafikiki, na anayejibu ni anwani ya kompyuta yenyewe, maana yake tangazo la ARP halikujibiwa na pakiti haikutoka. Jibu likija ndani ya milisekunde 1, limetoka humo ofisini. Handaki linalopita kwenye intaneti hadi mji mwingine halina kasi hiyo. Namba ya TTL nayo ni shahidi mzuri. Windows huanza na 128 na Linux 64, na kila ruta inayopitiwa hupunguza 1. Jibu lenye TTL 128 halikupita ruta yoyote. Lenye 126 limepita mbili, yaani ya Arua na ya Koboko, na hapo mtu anaweza kuamini kwamba seva ya Arua ndiyo iliyojibu. Mwisho, arp -a huorodhesha vifaa ambavyo kompyuta imeongea navyo hivi karibuni kwenye swichi yake. Anwani ya seva ya Arua ikionekana kwenye orodha iliyotolewa Koboko, mjadala umekwisha.

Mgongano wa nusu ni mgumu zaidi kuuona, na unastahili uangalifu. Tuseme Koboko ina 192.168.5.0/24 na Arua ina 192.168.1.0, lakini fundi wa zamani wa Arua aliandika alama ya /16, yaani 255.255.0.0. Kwa macho anwani ni tofauti. Kompyuta ya Koboko huipa ruta pakiti yake vizuri, pakiti huvuka, seva ya Arua huipokea. Seva inapotaka kujibu hufanya hesabu yake ya /16, huona 192.168.5.57 kuwa jirani, na hutangaza kwenye swichi ya Arua kumtafuta mtu aliyeko Koboko. Tcpdump, programu ya kusikiliza pakiti, ikiwashwa kwenye seva huonyesha maombi yakiingia moja baada ya jingine, na baada ya kila ombi tangazo la ARP lisilojibiwa. Kosa la aina hiyo hiyo hutokea ndani ya seva yenye Docker, programu ya kuendesha kontena, ambayo hujitwalia 172.17.0.0/16: ofisi yoyote yenye anwani za fungu hilo itapeleka maombi na isisikie kitu.

Kubadilisha namba

Dawa inayodumu ni ofisi moja kuacha subneti yake. Mafundi wengi huiogopa na kukimbilia njia za mkato, lakini kwa ofisi yenye kompyuta 15 na printa mbili ni kazi ya siku chache iliyopangwa vizuri, na baada ya hapo hakuna kinachohitaji kukumbukwa. Anayehama awe ni mdogo. Koboko ina vifaa vichache na haina seva, basi Koboko ndiyo ihame.

Kabla ya kuhama, ichaguliwe subneti kwa kutazama mbele. Shirika lenye ofisi Arua leo huenda likawa na Yumbe, Moyo na Adjumani kesho. Likijitengea, kwa mfano, 10.81.0.0/16, Arua inaweza kupewa 10.81.1.0/24, Koboko 10.81.2.0/24, Yumbe 10.81.3.0/24, na kila tawi likaielekeza 10.81.0.0/16 nzima kwenye handaki kwa mstari mmoja, kwa kuwa subneti ndogo ya tawi lenyewe hupewa kipaumbele. Namba 81 haina maana yoyote, na hiyo ndiyo sifa yake. Namba zinazopendeza macho, kama 10.0.0.0, 10.1.1.0 au 10.10.10.0, zimependwa na wengine wengi pia. Kitu cha kuhakikisha ni kwamba mtoa huduma wa laini ya 4G hatumii sehemu hiyo hiyo ya 10 upande wa nje wa ruta.

Kazi ya kwanza ni kuorodhesha vifaa vilivyoandikwa anwani kwa mkono. Kompyuta nyingi hupewa anwani na DHCP na zitahama zenyewe, ila printa, kinasa picha cha kamera, mashine ya alama za vidole ya mahudhurio na kisambaza Wi-Fi huwa vimeandikwa anwani siku vilipofungwa, mara nyingi na mtu ambaye hayupo tena. Uchunguzi wa subneti nzima kwa nmap huvitoa vyote hadharani. Siku moja kabla ya kuhama, muda wa DHCP hupunguzwa, tuseme hadi dakika 10. Kompyuta huomba kuongezewa muda inapofika nusu ya muda iliopewa. Iliyopewa saa 24 hurudi kuomba baada ya saa 12, ya dakika 10 hurudi baada ya 5. Punguzo hilo ndilo linalofanya ofisi nzima ihame katika muda wa kikombe cha chai badala ya kuvuta siku mbili, nusu ya watu wakiwa huku na nusu kule.

Siku yenyewe, ruta hupewa anwani ya pili kwenye mlango ule ule wa ndani, ikawa na 192.168.1.1 na 10.81.2.1 kwa wakati mmoja. DHCP huanza kutoa anwani mpya. Vifaa vya kuandikwa kwa mkono hufuatwa kimoja kimoja, na kila kimoja hupata anwani, alama na lango jipya. Alama ikaguliwe mara mbili: mtu akiandika 10.81.2.20 kwenye Windows, kisanduku cha alama hujijaza 255.0.0.0 chenyewe, na akibonyeza kukubali bila kuirekebisha, kompyuta hiyo itayaona matawi mengine yote yenye anwani za 10.81 kuwa majirani na mgongano utakuwa umerudi kwa mlango wa nyuma. Kila kitu kikishahamia, anwani ya zamani huondolewa kwenye ruta. Hatua hiyo isisahaulike. Maadamu 192.168.1.1 bado imekaa kwenye ruta ya Koboko, ruta hiyo haitaipeleka 192.168.1.10 popote.

Kutafsiri anwani

Kuna ofisi zisizoweza kuhama. Mashine ya maabara inaweza kuwa na anwani ambayo aliyeiuza tu ndiye mwenye ruhusa ya kuibadilisha. Upande wa pili unaweza kuwa taasisi nyingine kabisa isiyopokea maagizo. Hapo hutumika NAT, yaani kutafsiri anwani moja kuwa nyingine moja, ambapo kila ofisi hubaki na 192.168.1.0/24 yake lakini hujulikana kwa mwenzake kwa jina jingine. Arua hujulikana kama 10.81.1.0/24, Koboko kama 10.81.2.0/24. Fungu la mwisho la anwani halibadiliki, na ndiyo maana mtu anaweza kulifuata kwa kichwa.

Karani wa Koboko, 192.168.1.57, sasa huitafuta 10.81.1.10. Kompyuta yake inaona si jirani na inaipa ruta. Ruta ya Koboko, kabla ya kuitia pakiti kwenye handaki, hubadilisha anwani ya mtumaji kuwa 10.81.2.57. Pakiti ikifika Arua, ruta ya huko hubadilisha anwani ya mpokeaji kutoka 10.81.1.10 kuwa 192.168.1.10 na kuikabidhi. Seva huona mgeni aitwaye 10.81.2.57, hujibu kupitia lango lake, na mabadiliko yale yale hufanyika kinyumenyume. Kwenye Linux kanuni ya kufanya hivyo kwa subneti nzima huitwa NETMAP. MikroTik inayo kwa jina hilo hilo.

Makosa yanayojirudia hapa ni machache na yanafahamika. La kwanza, kanuni ya kutafsiri kuwekwa chini ya ile ya kawaida ya kuficha ofisi nzima nyuma ya anwani moja. Kanuni husomwa kutoka juu, na ile ya kwanza inayolingana ndiyo inayotekelezwa. La pili, upande mmoja kutafsiriwa na mwingine kusahauliwa. WireGuard hutupa kimyakimya pakiti yoyote ambayo anwani ya mtumaji wake haimo kwenye orodha ya AllowedIPs ya upande ule, kwa hiyo Koboko ikituma kwa jina la 192.168.1.57 wakati Arua inatarajia 10.81.2.0/24, hakuna ujumbe wa kosa popote. Kwenye IPsec, sera za handaki ziandikwe kwa anwani zilizokwisha kutafsiriwa, kwa kuwa ruta ya Linux hubadilisha anwani ya mtumaji kwanza na kutazama sera baadaye. La tatu, seva ya Arua kuwa na lango ambalo si ruta yenye handaki; maombi huingia, majibu hutokea mlango mwingine.

Upimaji wa uhakika ni kusikiliza kwa tcpdump mahali pane: mlango wa ndani wa ruta ya Koboko, handaki upande wa Koboko, handaki upande wa Arua, mlango wa ndani wa Arua. Ping moja ikitumwa, mahali inapoonekana mara ya mwisho ndipo penye kosa, na anwani iliyoandikwa juu yake hueleza ni kanuni ipi haikufanya kazi.

Majina nayo yashughulikiwe. DNS ya Arua itajibu kwamba seva iko 192.168.1.10, jibu lililo sahihi kwa Arua na potofu kwa Koboko, hivyo Koboko inahitaji jibu lake la 10.81.1.10. Programu zinazobeba anwani ndani ya maneno yake, kama simu za SIP na FTP ya zamani, zinaweza kuunganishwa na kisha sauti au faili visipite. NAT ni deni ambalo kila fundi ajaye lazima aelezwe, na ndiyo maana inafaa anwani za kutafsiria ziwe zile zile ambazo ofisi imepanga kuhamia. Siku Arua itakapohamia kweli 10.81.1.0/24, kanuni yake itafutwa, na njia za mkato zilizoko kwenye kompyuta za Koboko hazitaguswa.

Wapo wanaounganisha ofisi mbili kuwa kama swichi moja ndefu, ili matangazo ya ARP yavuke handaki. Kwa ofisi zenye namba zinazorudiwa hiyo si dawa: kutakuwa na 192.168.1.1 mbili, DHCP mbili zikishindana kugawa anwani, na kila tangazo la kila printa likilipiwa kwa bando la 4G.

Mfanyakazi aliye safarini

Mgongano huo huo humpata mtu mmoja mwenye kompyuta ya mkononi. Afisa wa Arua aliyelala katika nyumba ya wageni Koboko hupewa na Wi-Fi ya hapo anwani ya 192.168.1.0/24, sawa na ya ofisini kwake, na VPN yake huunganishwa bila kufungua chochote. Akiwasha intaneti ya simu yake hufanikiwa, kwa kuwa iPhone hutoa anwani za 172.20.10.0/28 na simu nyingi za Android zilizoea kutoa 192.168.43.0/24. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumwonyesha fundi kosa liko wapi.

Kwa mtu huyu kuna njia ya haraka isiyofaa kwa ofisi nzima. Programu ya VPN kwenye kompyuta yake inaweza kuelekezwa kwamba anwani moja tu, 192.168.1.10/32, ipite kwenye handaki. Njia ya anwani moja ni mahususi kuliko ya subneti nzima, hivyo hushinda, na tangazo la ARP halifanyiki. Sharti ni kwamba lango la Wi-Fi ya nyumba ya wageni lisiwe na namba hiyo hiyo. Ofisini njia hii haisaidii, kwa sababu handaki liko kwenye ruta, na kompyuta za ndani hazifiki hatua ya kuiuliza. Kwa hali yoyote, makao makuu yanayobaki na 192.168.1.0/24 yataendelea kugongana na nyumba za wageni na mikahawa kila wafanyakazi wake waendako, na hiyo ni sababu ya pili ya kuihamisha Arua pia, nafasi ikipatikana.

IPv6 ililishughulikia jambo hili tangu Oktoba 2005, kwa fungu la anwani za ndani la fd00::/8. Kila taasisi hutengeneza namba yake ya biti 40 kwa kubahatisha, na namba zinazowezekana ni zaidi ya trilioni 1, kiasi kwamba ofisi mbili kupata moja kwa bahati ni jambo lisilotarajiwa. Handaki la WireGuard hubeba IPv4 na IPv6 kwa pamoja bila kuongezewa kitu zaidi ya anwani zenyewe. Kinachozuia ni vifaa: mashine ya mahudhurio, kinasa picha na printa za zamani mara nyingi hazijui IPv6. Hadi vibadilishwe, ofisi huziendesha zote mbili, IPv6 kwa seva na kompyuta, na IPv4 iliyopangwa upya kwa vilivyobaki.